Keki Aliyokula Rabuor

Harufu ya keki ile ilitufikia kabla ya Mama Mdogo mwenyewe. Ilikuwa Krismasi, tumetoka kanisani, na boma la nyanya yangu huko Nyakach, nje kidogo ya soko la Katito, lilikuwa limejaa harufu zake za kila mwaka: samadi mbichi iliyosiribwa sakafuni, manyoya ya kuku yaliyochomwa motoni, samaki wa ngege waliokuwa wakichemka polepole kwenye chungu, na ule udongo wetu mweusi ambao kila Disemba hupasuka kwa jua kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Harufu hizo tulizijua kama tulivyojua sauti za watu wa nyumbani. Kisha upepo ukaleta kitu kingine, kitamu na kizito, mdalasini na sukari iliyoungua kidogo, na sisi watoto tukaacha mchezo wetu tukageukia langoni. Mbwa wetu Rabuor alikuwa ameinua pua kabla yetu. Alikuwa mbwa wa kawaida, mwembamba, wa rangi ya vumbi la njiani, na jina lake kwa Kijaluo lilimaanisha rangi hiyo tu. Alimkimbilia Mama Mdogo, akauzunguka mkebe alioubeba kifuani kwa mikono miwili, akamsindikiza hadi mlangoni kwa Dani huku akitikisa mkia.

Dani ndilo neno letu la nyanya. Mama Mdogo alikuwa mke wa Baba Mdogo, kitinda mimba wa Dani, aliyekuwa fundi wa mashua kule Dunga. Wakati Baba Mdogo alikuwa akigonga misumari na kuziba nyufa za mbao kando ya ziwa, mkewe alikuwa mpishi katika nyumba moja ya wakubwa huko Milimani, Kisumu, zile nyumba zenye ua mpana na miti mirefu ambako mtu hupita njia nzima asisikie sauti ya mtoto. Kwetu mke huitwa kwa jina la kwao. Mama yangu aliitwa Nyar Seme, binti wa Seme, na Mama Mdogo, kwa kuwa alitoka upande wa Waluhya, aliitwa Nyar Mumias. Hakuna aliyemwita vinginevyo. Hakuwa amejaliwa mtoto, na kwa hiyo hakuwa mama wa fulani. Kijaluo chake kilikuwa cha kuombea maji tu, hivyo kila alipokuja boma lote lilihamia kwenye Kiswahili, kile Kiswahili chetu cha kuungaunga, na wazee walikuwa wakilalamika kwamba kinawachosha taya. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ya Mama Mdogo ilikuwa hii: Baba Mdogo alikuwa anataka kujenga nyumba yake bomani, kama inavyompasa mwana, na Dani alikuwa amesema mbele ya watu kwamba hataonyesha mahali pa kuchimba msingi mpaka mwanawe apate mke anayeeleweka. Sisi watoto tulilijua jambo hilo kwa sababu wakubwa walilizungumza mbele yetu kana kwamba hatuna masikio. Kwa hiyo nilipouona ule mkebe, hata kwa akili yangu ya utoto, nilielewa kwamba ndani yake mlikuwa na ombi.

Ni lazima nieleze habari za Dani na mbwa, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Dani alikuwa na sheria kuhusu chakula cha mbwa, na kila sikukuu alizirudia kabla hatujaketi. Mfupa wa kuku mbwa hapewi, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha na kumchoma koo. Uti wa samaki mbuta hapewi, mpaka uchemshwe ulegee. Chakula cha moto hapewi, kwa sababu huua pua, na mbwa asiye na pua ni mlo wa bure. Alichopewa ni ukoko wa ugali uliolowekwa kwenye maji yaliyochemshiwa omena, vile visamaki vidogo vya ziwani, na alikishukuru. Juu ya hizo kulikuwa na desturi nyingine ambayo Dani hakuitaja ila aliitenda. Chakula chochote kilichotoka nje ya boma, tonge la kwanza lilikuwa la Rabuor. Aliogopa sihoho, lile jicho la husuda ambalo, kwa imani ya watu wetu, likianguka juu ya chakula hukigeuza kikawa maradhi tumboni mwa mlaji. Hofu hiyo haikuzuka bure. Kabla mimi sijazaliwa, binti yake mmoja alikula kwa jirani, akarudi nyumbani ameshika tumbo, na hakuinuka tena. Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku hiyo Dani alitanguliza mbwa.

Meza ilikuwa imewekwa nje chini ya turubai, imetandikwa kitambaa cha kufuma kilichofika karibu na ardhi. Wakubwa walikaa vitini, sisi watoto kwenye mkeka pembeni. Mama Mdogo alifungua mkebe, na keki ikatoka nzima, ya kahawia, imejaa vidoa vyeusi. Dani aliinama akavitazama kwa karibu.

"Hii nyeusi nyeusi ni nini?"

"Ni zabibu, Mama. Matunda iliyokaushwa. Mama mwenye nyumba alinipatia pakiti mbili, akaniachia na jiko nipike yangu."

"Matunda gani inakauka bila kuoza?"

"Inakaushwa na jua, Mama. Kama vile nyinyi mnakausha omena."

"Omena ina macho," Dani akasema. "Ninaiona ikiniangalia. Hii inajificha ndani ya unga."

Watu wakacheka, na Mama Mdogo akacheka pamoja nao. Baba yangu, aliyekuwa mwana wa kwanza na mwenye maneno, akaongeza kwamba mke wa fundi wa mashua amepiga misumari kwenye keki. Kisha Dani akakata kipande cha kwanza, kipana kama kiganja chake, na bila kuficha akakitupa chini. Rabuor alikimeza kabla hakijatulia, akalamba mahali kilipoangukia, akatazama juu kuomba kingine. Nilimwona Mama Mdogo akikitazama kile kisu. Alichukua kisu mkononi mwa mama mkwe wake kwa heshima, kwa mikono miwili, akakata vipande vilivyobaki, akampa kila mtu mzima chake. Chake mwenyewe alikila hapo hapo akiwa amesimama. Kisha akaja mkekani, na kwa kuwa nilikuwa mkubwa kuliko watoto wengine na nilikuwa nimekaa karibu, akaniwekea kipande mkononi, akangoja niking'ate. Nilikila. Ilikuwa tamu kuliko kitu chochote nilichokuwa nimewahi kutia kinywani.

Kutoka mkekani mtoto huona mambo ambayo wakubwa wameyafichia kitambaa cha meza. Niliona mkono wa kwanza ukishuka, mkono wa shangazi yangu, na kipande cha keki kikaachwa juu ya nyasi kimyakimya. Ukaja mkono wa mjomba wake Baba, wenye saa. Ukaja wa baba yangu. Ukaja wa mama yangu, ambaye alikivunja kipande mara mbili kwanza, kama mtu anayeona haya. Dani hakuhitaji kushusha mkono, maana alikuwa amekwisha kutoa chake hadharani, na nadhani huo ndio uliokuwa uungwana wake. Juu ya meza niliwasikia wakisema ni tamu, ni laini, huyu Nyar Mumias anajua kupika. Chini ya meza Rabuor alikwenda kutoka goti hadi goti. Baba Mdogo peke yake, kati ya jamaa zake, alikula cha kwake, tena akaomba nyongeza. Waliogopa kula, na waliogopa kumvunjia mtu heshima siku ya Krismasi, kwa hiyo wakamwachia mbwa mzigo wa hofu zote mbili. Mama Mdogo alipogeuka kutoka kwetu akaziona sahani tupu, uso wake ulifunguka.

"Mmemaliza yote?"

"Yote, mama," shangazi akamjibu. "Mwaka ujao ulete mbili."

Siku ya pili ya Krismasi Rabuor alitapika nyuma ya jikoni. Nilikwenda kuangalia, kwa kuwa hata wakati huo nilikuwa mtoto wa kwenda kuangalia. Katika matapishi kulikuwa na vitu vya duara vilivyovimba, vinavyong'aa, mfano wa kupe walioshiba damu. Nilijua ni zabibu, maana nilikuwa nimezitafuna. Dani alipofika hakuona zabibu. Aliona kupe waliotoka tumboni mwa mbwa, akajifunga leso kiunoni, akaenda kuchota majivu. Majivu yalikorogwa kwa maji, Rabuor akanyweshwa. Akanyweshwa maziwa. Akanyweshwa mafuta ya kupikia na shangazi, ambaye alikuwa amesikia kwamba mafuta huteremsha uovu. Ofisi ya mifugo pale sokoni ilikuwa imefungwa kwa sikukuu, na hata kama ingekuwa wazi, watu walipeleka ng'ombe huko, si mbwa. Rabuor aliacha ukoko wake wa ugali ukaliwa na kuku. Alijilaza chini ya ghala, akinywa maji kila alipoletewa, mpaka akaacha hata maji. Baba alisema jambo moja ambalo nililishika kichwani miaka yote: kwamba mbwa anakunywa lakini hakojoi. Mdomo wake ulianza kunuka vibaya, harufu kama ya chumvi na mkojo wa kale. Alikufa kabla ya mwaka mpya, wakati wa kuanika nguo, miguu yake ikitetemeka kama anayekimbia usingizini. Baba alimchimbia shimo kando ya ua wa mikatani, na Dani, ambaye sikuwahi kumwona akimlilia mnyama, alisimama pale akasema kwa Kijaluo, "Amekwenda badala yetu."

Alasiri ile ile kiliitwa kikao. Mama Mdogo alidhani ni cha nyumba yao, kwa sababu Baba Mdogo alikuwa amemwambia kwamba baada ya Krismasi mambo yatazungumzwa, na alikuja ameoga na kuvaa rinda lake la kanisani. Walikaa chini ya turubai lile lile. Dani hakuzunguka.

"Nyar Mumias, mbwa amekufa. Alikula kitu yako."

"Pole, Mama. Lakini Mama, hata mimi nilikula."

"Mwenye dawa anajua upande wa kukata."

"Na mume wangu alikula."

"Huyo ulishammaliza zamani," shangazi akasema, na hakuna aliyecheka.

Mama Mdogo alimtazama mumewe, kisha akawazungukia wote kwa macho, mmoja mmoja. Aliongea polepole, kama mtu anayehesabu vyombo alivyoazima. "Lakini nyinyi wote mlikula. Mlisema ni tamu. Anti, si wewe ulisema nilete mbili? Kama iko na kitu mbaya, mbona nyinyi mko wazima?"

Kuku walikuwa wakiparua chini ya meza. Mjomba wake Baba aliirekebisha saa yake. Mama yangu alitazama mapajani. Mwishowe ni Dani aliyejibu, kwa kuwa yeye peke yake hakuwa amemdanganya.

"Hakuna mtu alikula, mwanangu. Mbwa ndiye alikula."

Nilisema kwa sauti kwamba mimi nilikula na sikuumwa. Mama alinishika bega akanitoa pale, akanifikisha hadi jikoni, akaniambia mtoto hazungumzi penye kikao. Kisha akanigusa paji la uso kwa nyuma ya mkono, kama alivyokuwa akinigusa tangu Krismasi, na ndipo nilipoelewa kwa nini. Msema kweli hana wajoli, na akiwa mtoto hana hata kiti. Nilichungulia dirishani. Mama Mdogo hakulia wala hakubishana tena. Nadhani angeweza kupigana na shtaka la uchawi, kwa kuwa shtaka lina maneno na maneno hujibiwa. Lakini zile sahani tupu zilizomfurahisha, hizo angezijibu nini? Kesho yake kulipokucha vizuri alitoka langoni akielekea barabara kuu, mkebe kwapani. Hakuna mbwa wa kumsindikiza. Baba Mdogo alimfuata hadi barabarani, akarudi peke yake. Miaka michache baadaye aliletewa mke kutoka vijiji vya karibu, akaonyeshwa mahali pa kuchimba msingi, akajenga. Nyumba ile hakuikalia sana. Alikaa Dunga, na alipokuja kwa sikukuu hakuweka kitu chochote kitamu mdomoni.

Sasa ninaishi Kisumu, na nina mbwa, au tuseme binti yangu ana mbwa nami ninamlipia gharama. Disemba iliyopita tulimpeleka kwa daktari wa wanyama kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mchangamfu, na alipomaliza akamwambia binti yangu, kama anavyomwambia kila mtoto msimu huo, asimpe mbwa vitu vya mezani: vitunguu vya mchuzi, mifupa iliyopikwa, chokoleti, keki yenye zabibu. Nilimwomba arudie la mwisho. Akarudia. Ndipo nikaanza kuuliza kwa mpangilio, kama kazi yangu ya kuwahoji watu ilivyonifundisha. Huanza vipi? Kwa kutapika, akasema, mara nyingi siku hiyo hiyo au ya pili yake, na zabibu zenyewe huonekana. Halafu? Anaacha kula, analegea, figo zinakufa. Anakunywa lakini hakojoi? Daktari aliacha kuandika akanitazama. "Ndiyo. Na mdomo unanuka. Mbwa wako mwingine ana hiyo shida?" Nikamwambia ni mbwa wa zamani. Akasema si kila mbwa. Mmoja hula nyingi asidhurike, mwingine hula kidogo akafa, na yeye hawezi kuapa kwa mbwa ambaye hakumwona. Lakini wakiletwa mapema hutapishwa, huwekewa maji kwenye mshipa, na wengine hupona. Watu je? Akacheka kidogo. "Kwa watu haina shida. Watu wanakula kila siku. Nunua hapo nje."

Krismasi hiyo nilikwenda Nyakach na habari hiyo. Dani bado yuko, macho yamefifia lakini akili ni ile ile. Boma limebadilika. Mezani kulikuwa na keki mbili zilizonunuliwa Kisumu, zenye zabibu, na wajukuu walikuwa wakizichezea. Hakuna aliyetupa tonge la kwanza, na mbwa wa siku hizi amefungwa nyuma na hupewa chakula cha gunia. Nilikaa kando ya Dani nikamweleza yote kwa Kijaluo, polepole, jinsi daktari alivyonieleza: kwamba tunda lile ni sumu kwa mbwa na kwa mtu si kitu, kwamba jicho la mtu halikuhusika, kwamba hata malaika angeoka keki ile mbwa angekufa.

"Kwa hiyo ni keki iliyomuua," Dani akasema.

"Ni keki, Dani."

"Nilisema ni keki."

Alikuwa amesema kweli, na alikuwa ameisema miaka yote hiyo. Alipapasa mezani akapata sahani yake. Kipande chake cha keki kilikuwa nusu; alikuwa amekila bila wasiwasi tulipokuwa tukizungumza. Akazitenga zabibu kwa kidole, akizisogeza ukingoni mwa sahani.

"Basi tungeila," akasema. "Tungeila sisi, Rabuor angeishi."

"Na Mama Mdogo angekaa."

Watoto walikuwa wakipiga kelele upande wa ghala, na mmoja wao alikuwa akielekea nyuma kwa mbwa na kipande mkononi, nikainuka nikamzuia, nikakichukua. Niliporudi Dani alikuwa bado ameinamia sahani.

"Yule binti," akaniuliza, "jina lake hasa lilikuwa nani?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikakuta sina jina. Nilikuwa nikimwita Mama Mdogo. Nikamuuliza mama yangu, aliyekuwa ng'ambo ya meza. Akafikiri, akasema huenda lilianza na B, kisha akasema hapana. Nikamuuliza shangazi, akatikisa kichwa. Baba Mdogo ndiye aliyelijua, na huyo tulimzika mwaka juzi, kando ya nyumba ile aliyoonyeshwa mahali pa kuijenga. Walikaa wote wakitafuta, mikono yao juu ya meza, kila mtu na kipande chake mbele yake, na jina halikupatikana.